Kitendawili, Ngonjera na Malumbano: Midahalo ya Urais na Kampeni za Uchaguzi katika Uganda, Kenya na Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha midahalo ya wagombea urais na kampeni za uchaguzi katika Uganda, Kenya na Tanzania, hasa kati ya mwaka 2013 na 2022. Badala ya kuipima midahalo hiyo kwa kipimo cha runinga ya Marekani, makala yanatumia tanzu tatu za fasihi ya Kiswahili, yaani ngonjera, kitendawili na malumbano, ili kubainisha ni nani mwenye haki ya kuuliza na ni nani anayelimiliki jibu. Inadaiwa kwamba Kenya na Uganda zimejenga jukwaa la mdahalo bila kulipa Kiswahili nafasi, ilhali Tanzania ina Kiswahili kinachowafikia wapiga kura walio wengi lakini wagombea wake wakuu hawakutani jukwaani. Mwisho, makala yanajadili hatari iliyopo Uganda ya Kiswahili kuingia katika siasa kama lugha ya amri.

1.0 Utangulizi

Tarehe 15 Januari 2016, wagombea urais wa Uganda walikutana katika Hoteli ya Serena jijini Kampala kwa mdahalo wa kwanza wa aina hiyo katika historia ya nchi. Uliandaliwa na Baraza la Dini Mbalimbali la Uganda pamoja na Jukwaa la Wazee. Kati ya wagombea wanane, saba walifika. Asiyefika ni Rais Yoweri Museveni, aliyekuwa madarakani tangu mwaka 1986, na ambaye alinukuliwa akisema kwamba midahalo ni shughuli ya wanafunzi wa shule. Tarehe 13 Februari, siku tano kabla ya kura, ulifanyika mdahalo wa pili, na safari hii alihudhuria. Alitangazwa mshindi kwa takriban asilimia 60 ya kura; Kizza Besigye alifuatia kwa takriban asilimia 35.

Usomaji uliozoeleka wa tukio hili una hatua mbili. Kwanza, mdahalo unachukuliwa kuwa ishara ya ukomavu wa demokrasia. Pili, kutokuwapo kwa mgombea kunachukuliwa kuwa woga au dharau. Usomaji huo hauna makosa yote, lakini una upungufu. Unauchukua mdahalo wa runinga kama kipimo cha asili, kana kwamba ulizaliwa pamoja na uchaguzi wenyewe. Historia haisemi hivyo. John F. Kennedy na Richard Nixon walikutana mbele ya kamera huko Chicago tarehe 26 Septemba 1960, kisha Marekani ikakaa miaka 16 bila mdahalo mwingine wa urais wa namna hiyo. Mwaka 1980, Rais Jimmy Carter alikataa kuhudhuria mdahalo wa kwanza kwa sababu mgombea huru John Anderson alikuwa amealikwa. Uingereza, ambayo bunge lake hutajwa kila mahali kama shule ya kujibizana, haikuwa na mdahalo wa runinga wa viongozi wa vyama hadi mwaka 2010. Mgombea anayetoroka jukwaa, kwa hiyo, si kiumbe wa Afrika Mashariki peke yake, na jukwaa lenyewe si kongwe kiasi cha kuwa mizani ya kila kitu.

Swali lenye manufaa zaidi kwa mhakiki ni hili: katika mdahalo na katika mkutano wa kampeni, ni nani aliye na haki ya kuuliza? Ili kulijibu, si lazima kwenda mbali. Fasihi ya Kiswahili ina tanzu zinazopanga haki hiyo kwa njia tofauti.

2.0 Tanzu Tatu za Kuulizana

Utanzu wa kwanza ni ngonjera. Mathias Mnyampala aliukuza na kuueneza, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ukatumika sana shuleni na majukwaani kufafanua siasa ya Ujamaa. Kwa sura ya nje, ngonjera ni ubishi: wahusika wawili au zaidi hupokezana beti, mmoja akitetea na mwingine akipinga au akiuliza. Hata hivyo, mwisho wake huwa umekwisha kuamuliwa. Asiyejua huelimishwa, anayepinga hukubali, na wote humaliza kwa sauti moja. Swali limo, lakini kazi yake ni kumfungulia mlango mwenye jibu.

Utanzu wa pili ni kitendawili. Fanani hutangaza, hadhira humwitikia atege tega lake, na wanaoshindwa hutoa mji. Hapa hadhira hushiriki kwa sauti, hucheka na hukisia. Lakini jibu ni mali ya aliyetega. Hata pale ambapo hadhira imetoa jibu linaloingia akilini, mwenye kitendawili ndiye anayeamua kama limekubalika. Ushiriki ni mkubwa, mamlaka ni ya mmoja.

Utanzu wa tatu ni malumbano, au kujibizana kwa mashairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alijibizana kwa tungo na washairi wa upande wa pili wakati mji wake ulipokuwa ukivutana na Lamu na Zanzibar. Katika jadi hiyo, mara nyingi anayejibu hufuata bahari na vina vya aliyeanza. Kanuni hii ina maana kubwa kuliko urembo. Mtu hawezi kujibu kwa vina vya mwenzake bila kumsikiliza mwenzake, na hadhira hupata kipimo cha wazi cha kuona nani amejibu na nani amekwepa. Haki ya kuuliza huhama kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mwisho haujulikani mapema.

Tanzu hizi hazitumiki hapa kama mafumbo ya kupambia hoja. Ni mipangilio mitatu ya mamlaka baina ya msemaji na msikilizaji, na kila kampeni ya uchaguzi huchagua mmojawapo, ama huchanganya.

3.0 Nairobi: Jukwaa Lisilokuwa na Lugha ya Uwanjani

Kenya ndiyo iliyofika karibu zaidi na malumbano. Mwaka 2013 ilifanyika midahalo miwili ya urais, tarehe 11 na 25 Februari, katika Shule ya Kimataifa ya Brookhouse jijini Nairobi. Hatimaye wagombea wote wanane walisimama pamoja, baada ya walioachwa nje mwanzoni kulalamika. Uhuru Kenyatta aliulizwa angeongozaje nchi huku akikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Alijibu kwamba hilo ni jambo lake binafsi ambalo angelimudu. Raila Odinga akasema kwamba itakuwa vigumu kuiendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Majibizano hayo yana umbo la malumbano halisi: swali moja, majibu mawili yanayogusana, na hadhira inayoachiwa uamuzi. Mohamed Abduba Dida, mwalimu ambaye wapiga kura wengi hawakumjua, alipata umaarufu kwa kujibu kwa utani na mifano ya nyumbani. Hakuwa na nafasi ya kushinda, lakini alionyesha kwamba jukwaa lile lilikuwa na njaa ya msemo wa watu wa kawaida.

Umbo hilo halikudumu. Tarehe 24 Julai 2017, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Uhuru Kenyatta hakutokea, na Raila Odinga akahojiwa peke yake. Tarehe 26 Julai 2022, mahali pale pale, mambo yaligeuka: Raila ndiye aliyesusia na William Ruto akabaki peke yake. Mlumbi mmoja anapoondoka, utanzu hubadilika. Malumbano huwa mahojiano, na aliyebaki hujibu maswali ya mwandishi wa habari, si ya mshindani anayeitaka nafasi ile ile. Ikumbukwe pia kwamba aliyesusia mwaka 2017 alitangazwa mshindi, ingawa Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi huo tarehe 1 Septemba kwa sababu zisizohusiana na mdahalo, ilhali aliyesusia mwaka 2022 alishindwa. Basi si rahisi kudai kwamba kususia kunalipa au kunagharimu. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba hakuna kanuni ya utanzu inayomlazimisha mlumbi kuja, na gharama ya kutokuja hupangwa upya kila uchaguzi.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, midahalo hiyo iliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Wagombea wale wale, wakitoka ukumbini na kupanda juu ya gari uwanjani, walizungumza Kiswahili, Sheng na lugha za jamii zao. Uwanjani, Raila alijulikana kwa kutega vitendawili na kuutangaza uchaguzi kama mchezo wa mpira, umati ukiitikia kila pasi. Ruto aliinua kauli ya “sipangwingwi”, iliyotoka katika muziki wa vijana, ikawa “hatupangwingwi”. Kisarufi, neno hilo ni kauli ya kutendwa katika ukanushi: kitenzi “panga” kimenyambuliwa, kisha silabi ikarudiwa kwa mzaha. Ujumbe wake ni kwamba mtu wa chini hakubali kupangiwa mambo na wakubwa. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliiweka kauli hiyo katika orodha ya maneno yanayoweza kuchochea chuki. Hofu ya tume hiyo yenyewe ni ushahidi: nguvu ya siasa ilikuwa uwanjani, katika neno moja la Sheng, kuliko katika dakika tisini za Kiingereza fasaha.

Kwa hiyo raia wa Kenya alipewa vitu viwili vilivyotenganishwa. Ukumbini kulikuwa na maswali katika lugha ambayo si wote waliimudu. Uwanjani kulikuwa na lugha ya wote, lakini swali lilikuwa kitendawili ambacho jibu lake analo mtegaji.

4.0 Dar es Salaam: Lugha Isiyokuwa na Jukwaa

Tanzania inaonyesha upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo. Hakuna nchi nyingine katika kanda ambamo mgombea urais anaweza kuzunguka kutoka Mtwara hadi Kagera akihutubia kwa lugha moja bila mkalimani na kueleweka kila kituo. Ilani husomwa, hunukuliwa na hupingwa kwa Kiswahili. Kama kuna mahali ambapo malumbano ya wagombea yangepata hadhira ya taifa zima kwa wakati mmoja, ni hapo. Lakini katika uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015, uliokuwa na ushindani mkali kuliko yote iliyoutangulia tangu kurudi kwa mfumo wa vyama vingi, John Magufuli wa CCM na Edward Lowassa aliyeungwa mkono na UKAWA hawakukutana ana kwa ana. Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46, Lowassa akapata asilimia 39.97, na taifa halikuwahi kumsikia mmoja akimjibu mwenzake jukwaa moja.

Badala ya malumbano, kulikuwa na kaulimbiu. Inafaa kuzitazama kwa jicho la sarufi. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alikuja na “Ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya”: nomino tatu, kivumishi kimoja, na hakuna kitenzi. Mwaka 2015 Magufuli alikuja na “Hapa kazi tu”. Hiyo nayo haina kitenzi, haina nafsi, na inamalizia kwa kielezi “tu”, ambacho kazi yake ni kuondoa kila kitu kingine. Kilichoondolewa ni nini? Kwa muktadha wa wakati ule, ni maneno: porojo, vikao, visingizio. Kaulimbiu hiyo ilipendwa kwa sababu wananchi walikuwa wamechoka na ahadi. Lakini sentensi isiyo na mtenda haina wa kuulizwa. Nani atafanya kazi hiyo, kwa fedha ya nani, na itapimwaje? Mgombea alipopiga pushapu jukwaani, mwili wenyewe ukawa jibu, na umati ukaitikia. Hiyo ni ngonjera iliyokamilika: swali la afya na uwezo wake limejibiwa kabla ya mpinzani kulitamka.

Mwezi Juni 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nje ya vipindi vya kampeni, na zuio hilo liliondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023. Katika miaka hiyo, hata uwanja, ambao kitendawili angalau huuruhusu umati kukisia, ulipunguzwa. Mfano wa Tanzania unaonya dhidi ya imani inayopatikana katika mijadala mingi ya Kiswahili, kwamba lugha ya pamoja huleta yenyewe uhuru wa kuulizana. Lugha huwezesha, haitoi idhini.

5.0 Kampala: Meza Iliyoondolewa

Uganda mara nyingi huwekwa nyuma ya Kenya katika ulinganisho huu, kwa kuwa mdahalo wake wa kwanza wa urais ulikuja miaka mitatu baadaye. Mpangilio huo unasahau kwamba Kampala ilikuwa na jukwaa lake kabla ya Serena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Radio One ilianza kurusha moja kwa moja mijadala ya hadhara kutoka Club Obbligato. Mijadala hiyo iliitwa “ekimeeza”, kwa wingi “ebimeeza”, neno la Kiganda lenye asili ya “meza” ambalo kila msemaji wa Kiswahili analitambua. Radio CBS ya Buganda ilikuwa na mjadala wake kwa Kiganda, na jina lake lilikuwa “Mambo Baado”. Wabunge, wachuuzi, wanafunzi na makada waliketi pamoja. Aliyetaka kusema alisubiri zamu yake, akasema kwa dakika zake, akajibiwa.

Kwa vigezo vya makala haya, ekimeeza ilikaribia malumbano kuliko mdahalo wowote wa urais wa Afrika Mashariki. Haki ya kuuliza haikuwa ya mwendesha kipindi wala ya mgombea, bali ya yeyote aliyefika na kusubiri zamu. Septemba 2009, baada ya machafuko yaliyofuatia kuzuiwa kwa ziara ya Kabaka huko Kayunga, CBS ilifungwa na matangazo hayo ya nje ya studio yakapigwa marufuku. CBS ilirudi hewani mwaka 2010, ebimeeza hazikurudi. Mdahalo wa Serena wa 2016 unapaswa kusomwa kwa kumbukumbu hiyo. Haukuijaza nafasi tupu. Ulikuja kuchukua nafasi ya kitu kilichoondolewa, na ulikuja na wageni waalikwa hotelini badala ya meza ya wote. Kusema kwamba midahalo ni ya watoto wa shule katika jiji ambalo watu wazima wake walijadiliana hadharani kwa miaka kadhaa ni kauli ambayo historia ya jiji lenyewe inaikanusha.

Kampeni za 2021 zilibana nafasi zaidi. Kwa sababu ya UVIKO-19, Tume ya Uchaguzi ilitangaza Juni 2020 kwamba mikutano mikubwa haitaruhusiwa na wagombea wategemee vyombo vya habari. Watu wakaziita “kampeni za kisayansi”. Baadaye mikutano ya watu wasiozidi 200 iliruhusiwa. Tarehe 18 Novemba 2020 Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alikamatwa Luuka, na zaidi ya watu 50 waliuawa katika maandamano yaliyofuata. Mwishoni mwa Desemba kampeni zilisimamishwa Kampala na katika wilaya nyingine kadhaa, na mkesha wa kura ya tarehe 14 Januari intaneti ilizimwa. Katika hali kama hiyo, kuuliza iwapo mdahalo ulifanyika ni kuuliza swali dogo mno.

Ni katika muktadha huu ambapo nafasi ya Kiswahili inahitaji kuchunguzwa kwa makini. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi nchini Uganda tangu enzi za King's African Rifles. Msamiati wake uliokita mizizi katika kumbukumbu ya kisiasa ya nchi ni wa kuamrishwa: “panda gari”, jina la misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na “mchakamchaka”, jina la mafunzo ya kisiasa na kijeshi ya NRM. Kaulimbiu za karibuni zimefuata njia hiyo. Muhula wa Rais Museveni ulioanza Mei 2016 uliitwa “Kisanja Hakuna Mchezo”, Kiganda kikibeba muhula na Kiswahili kikibeba onyo. Upande wa pili, wimbo uliosikika sana katika kampeni ya Besigye mwaka huo uliitwa “Toka kwa Barabara”. Mwenye kulinda Kiswahili sanifu angesema “ondoka barabarani”, lakini masahihisho hayo yangeua maana. Hiyo ni sauti ya askari wa doria, iliyochukuliwa na wale ambao kwa miaka mingi ndio walioambiwa watoke. Amri imegeuzwa mwelekeo, na hapo ndipo ufundi wa wimbo ulipo. Hata hivyo imebaki amri. Serikali inasema hakuna mchezo. Upinzani unasema toka. Wote wawili, wanapotaka kuamrisha, wanakopa Kiswahili. Wanapotaka kubembeleza, kutania au kuhoji, wanarudi kwenye Kiganda, Kinyankole na lugha nyingine za nyumbani. Wimbo wa kufokafoka wa Museveni wa kampeni ya 2011, uliotokana na tungo za watoto za Kinyankole, ni ushahidi wa upande huo wa pili.

Inaweza kupingwa kwamba kauli ya amri si mali ya Kiswahili peke yake, na kwamba mwaka 2017 wapinzani wa kuondolewa kwa ukomo wa umri wa rais walitumia Kiganda, “Togikwatako”, yaani usiiguse. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini Kiganda kina pia ebimeeza katika historia yake, kina redio, magazeti na mabishano ya kila siku. Amri ndani yake ni sauti moja kati ya nyingi. Kwa Mganda wa kawaida, Kiswahili cha kisiasa bado hakina sauti nyingine ya kuizimua.

6.0 Hitimisho

Ulinganisho huu umeonyesha kwamba umbo la mdahalo, peke yake, halitoshi kupima siasa za uchaguzi katika nchi hizi tatu. Kenya ina jukwaa lililokaribia malumbano, ila lugha yake imeachwa uwanjani. Tanzania ina lugha, ila wagombea wake wakuu wamebaki katika ngonjera na kaulimbiu zisizo na mtenda. Uganda ilikuwa na meza ambayo raia alikuwa mlumbi, ikaondolewa, na Kiswahili kinachoingia sasa kinaingia kwa mlango wa kambi.

Jambo hili lina uzito wa sasa. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Kizazi kitakachojifunza lugha hii darasani kitakuwa kizazi cha wapiga kura. Kama mitaala itaishia katika salamu, ngeli na sentensi za kuagiza, mwanafunzi atapata lugha ambayo tayari ameisikia ikimfokea babu yake. Kama malumbano yatafundishwa kwa vitendo, kwa kanuni yake ya kumjibu mwenzako kwa vina vyake, atapata lugha ya kumuuliza mgombea. Kwa upande wa waandaaji wa midahalo, hatua ya kwanza si ya gharama kubwa: sehemu ya maswali ya wananchi iendeshwe kwa Kiswahili, Nairobi na Kampala, na maswali hayo yasichujwe hadi yakapoteza makali. Kwa wahakiki, kazi ni kuacha kuhesabu nani alifika ukumbini na nani hakufika, na kuanza kuhesabu ni maswali mangapi yalitoka kwa raia, kwa lugha gani, na mangapi kati ya hayo yalijibiwa.